Shangazi, Nimelitetea Shamba la Rafn

Shangazi yangu Mwanahamisi,

Nimepita. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda habari za kuzungushwa. Mtu akipiga simu kutoka Muheza akaanza kukupa salamu za nyumba moja moja, ulimkatiza: "Kafa nani, kazaliwa nani? Niambie kwanza, tutasalimiana baadaye." Basi nimepita, Shangazi. Walinihoji juu ya tasnifu yangu mbele ya ukumbi uliojaa watu, wakaenda kujifungia chumbani, wakarudi na jibu. Sasa tusalimiane. Shikamoo.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako hapa Husby, Stockholm. Bado nasema "kwako", ingawa mkataba wa nyumba siku hizi una jina langu. Dirisha liko wazi. Chini watoto wanacheza mpira, wanatukanana kwa Kiswidi na kuombana radhi kwa Kisomali. Ungekuwepo ungeshachungulia ukawauliza ni wa mama gani.

Wengi wanakukumbuka kwa pilau yako. Mimi nakukumbuka ukiwa nyuma ya usukani. Nilipokuja kwako, baba yangu, kaka yako, akiwa ametangulia mbele ya haki, nilikuwa mtoto mgeni nisiyejua Kiswidi hata cha kuombea maji. Likizo za shule ulinipandisha kwenye basi lako nikakaa kiti cha mbele, na mji huu nikajifunza kutoka mdomoni mwako. Mashine ya kutangaza vituo ikiharibika, ulitangaza mwenyewe. Hjulsta kwako ikawa Yulista. Spånga ikawa Sponga. Vällingby uliigeuza Velimbi, ukaitamka kwa sauti ya madaha kama unamwita mwali atoke ndani. Siku moja mzee mmoja wa Kiswidi alisimama karibu na mlango akakusahihisha kwa upole, mara ya kwanza, mara ya pili. Ukamjibu, "Asante, baba. Lakini hata nikikosea, basi linafika palepale." Mzee akacheka, na abiria wote waliokuwa mbele wakacheka naye. Tangu siku hiyo kila alipopanda alikuuliza, "Leo tunafika Velimbi?"

Wewe nawe jina lako walilifanyia hivyohivyo. Mwanahamisi liliwashinda wenzako kazini. Wakaanza na Mwana, likawa Muana, mwisho wakatulia kwenye Mona, na Mona ndilo lililoandikwa kwenye beji ya kifuani. Nilipokuwa msichana mkubwa nilikasirika kwa niaba yako. Nilikuambia uwaandikie wakubwa wako. Ulikuwa unakuna nazi, hukuinua hata kichwa. "Mona ni wa kazini. Mwanahamisi yupo, hajaenda popote. Anayemtaka atamkuta nyumbani."

Unakumbuka kijishamba chetu kule kwenye uwanda wa Järva? Ulipoambiwa kwamba vishamba vya kukodi vya namna ile Waswidi wanaviita koloni, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Tumetoka kwenye koloni, tumekuja kuomba koloni, tena tumesubiri foleni!" Ukapanda mchicha, ukapanda kunde, ukajaribu bamia na bamia ikakukatalia. Jirani yetu alikuwa Lennart, mstaafu mrefu mwenye kofia ya majani, aliyezaliwa kusini kabisa mwa nchi, Skåne. Viazi vyake vilinyooka mistari kama askari. Kila Jumamosi alileta kahawa kwenye chupa, nawe ulileta maandazi, mkakaa kwenye benchi lake kuwasema majirani wasiopalilia.

Jumamosi moja nilikuja na ramani. Nilikuwa mwanafunzi wa Kiingereza mwaka wa pili, na mwalimu wetu alikuwa ametupa nakala ya ramani ya kijiji kimoja cha mashariki mwa Uingereza. Haikuonyesha barabara na kanisa tu. Kila shamba lilikuwa na jina lake. Ulifuta mikono kwanza kwenye kanga, ukaichukua, ukaniambia nikusomee na kukufasiria. Nikakusomea Hungry Hill, Kilima cha Njaa. Nikakusomea World's End, Mwisho wa Dunia, jina walilolipa shamba lililokuwa mbali kuliko yote. Ulicheka kwa lile la Mwisho wa Dunia. Halafu uso wako ukabadilika.

"Kumbe kwao mashamba yana majina," ulisema. "Baba yetu alikata mkonge shamba Namba Tisa. Kaka zake walikata Namba Nne. Msimamizi wetu alikuwa Mwingereza, na siku zote alisema Namba Tisa, Namba Nne. Nami nilidhani Waingereza hawajui kulipa shamba jina."

Ukanigonga goti. "Endelea, mama. Nisomee mengine." Uliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yako, na hata ukiwa umenikasirikia ulinikasirikia kwa heshima.

Nikasoma Raven's Wing, Bawa la Kunguru. Uliangalia umbo lake kwenye ramani, limepinda upande mmoja na kuchongoka mwishoni, ukasema, "Hili halina maneno. Ni bawa kweli." Lennart alikuwa akimimina kahawa na kutusimulia utoto wake, jinsi babu yake alivyokuwa akimpigia kelele kutoka kwenye vång arudi nyumbani kula. Ukafanya lile ulilolifanya kila neno jipya lilipopita mbele yako, ukalikamata.

"Subiri. Vong ni nini?"

"Shamba," akasema Lennart. "Shamba lililozungushiwa ua. Ni neno la kwetu Skåne. Hapa Stockholm ukilisema wanakutazama tu."

Nilikuwa nimesoma juma lilelile kwamba zamani sana watu wa Skandinavia walivuka bahari wakahamia mashariki mwa Uingereza, wakalima huko, wakazaa huko. Nikatazama tena lile neno Wing kwenye ramani. Nikalitamka kimoyomoyo kama Lennart alivyotamka neno lake.

"Mama, umeona nini?" uliniuliza.

"Shangazi, labda si bawa."

Hapo ndipo kazi yangu ilipozaliwa, na nimeshawaambia watu wengi hivyo, wengine hawaamini. Wanadhani wazo la tasnifu hutoka maktaba.

Miaka iliyofuata ulinivumilia. Nilijaza meza hii kwa majina ya mashamba ya watu ambao hatutawajua. Nilikueleza kwamba zamani wakulima wenyewe hawakuandika. Walitamka tu, na karani wa bwana wa shamba akaandika alichosikia. Karani aliyefuata akanakili alichodhani ameona. Neno la kigeni likizeeka na maana yake ikasahaulika, watu wanalivuta mpaka lifanane na neno wanalolijua. Ulinisikiliza ukichambua mchicha, ukasema, "Kama Velimbi." Nikasema, "Kama Velimbi, Shangazi. Sawasawa kabisa."

Halafu nikapata safari ya kwenda kwenye nyaraka za wilaya ile huko Uingereza. Nilikaa chumba cha baridi nikifungua ngozi za kondoo zilizokunjwa kama mikeka, nikisoma mwandiko wa makarani waliokufa zamani. Kila nilipolipata shamba letu nilitoka nje kwenye ngazi nikakupigia simu, nawe ulirudia kila tahajia kwa sauti kama mwanafunzi wa madrasa. Kwenye ramani ya enzi za babu wa wanakijiji wa leo, Raven's Wing. Nyuma ya hapo, mpimaji mmoja alikata neno mahali pasipostahili akaandika Raven Swing, na niliposema kwamba swing ni bembea uliangua kicheko. "Kunguru kapanda bembea! Makarani hawa!" Nyuma ya hapo, Ravens Wong. Nyuma zaidi, Ravenswonge. Na mwisho kabisa, kwenye ngozi iliyokuwa kuukuu kuliko zote, Rafneswang.

"Nifafanulie," ulisema.

"Wang ni lile shamba la Lennart. Na Rafn ni jina la mtu. Watu wa huko Skandinavia waliwapa watoto wao jina hilo. Maana yake ni kunguru, lakini ni jina la mtu, kama sisi tunavyomwita mtoto Simba. Ni shamba la Rafn."



"Kwa hiyo huyu bwana alihamia, akalima, akafa," ulisema polepole. "Jina lake wakaligeuza likawa ndege."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi mrudishe, mama."

Nilirudi Stockholm nikaandika sura nzima juu ya shamba lile moja. Mwaka uliofuata ukaanza kuumwa. Sitaandika mengi juu ya hilo, nawe ulikataza. Lakini lazima nikukumbushe siku niliyokuja hospitali kutoka kwenye semina ya mwisho, ile ambayo msomaji kutoka idara nyingine husoma tasnifu yote kabla haijachapwa. Msomaji wangu alikuwa mtu mwenye jina kubwa, mpole, mwenye sauti ya chini. Alisifu kazi. Halafu akasema sura ya Raven's Wing ifutwe. Shamba lina umbo la bawa, kila mwenye macho analiona, na mimi najenga ghorofa juu ya tahajia chache za makarani wasiojua kuandika. Niliingia wodini nikiwa nimebeba maneno hayo usoni, ukayasoma kabla sijakaa.

"Kakwambia ufute?"

"Kasema umbo la shamba linajieleza."

"Kwani yeye kafika shambani?"

"Sidhani."

"Na wewe, umefika?"

Nilikuwa nimefika kwenye ngozi za kondoo na kwenye ramani. Kwenye shamba lenyewe, hapana.

"Mtoto wa mkulima!" ulisema, ukajaribu kuinuka kitandani. "Unabishania shamba ambalo hujalikanyaga? Nenda. Usikae hapa kunishika mkono, mkono wangu hauendi popote. Nenda ukalikanyage, uje uniambie."

Nikaenda. Niliteremka kwenye kituo kidogo cha treni, mvua inanyesha ya ubavuni, na mwanamke mmoja wa makamo akinisubiri na gari lililojaa matope na mbwa. Alikuwa Margaret, mwenye shamba, niliyemwandikia kuomba ruhusa. Sijui alimtarajia nani, ila hakuonyesha mshangao. Alinipa buti za binti yake tukatembea pamoja kuizunguka ngano. Nilipomwambia napenda kuona lile pindo la bawa, aligonga ua wa miti kwa fimbo yake.

"Pindo? Pindo ni huu ua," alisema. "Waliupanda wakati ardhi ya kijiji ilipogawanywa. Mababu wa mume wangu ndio waliouchimbia. Kabla yake hapa palikuwa wazi tupu, vipande virefu vya kila mtu, hakuna ua hata mmoja."

Nilisimama kwenye matope yale, Shangazi, nikaufuata ua kwa macho mpaka mwisho. Bawa lilichorwa na ua. Ua ulipandwa wakati wa kugawa ardhi. Na jina lilikuwa kwenye ngozi za kondoo karne nyingi kabla mtu hajachimba shimo la mti wa kwanza. Hawakulipa shamba jina la bawa kwa ajili ya umbo lake, kwa sababu walipolipa jina halikuwa na umbo hilo! Kesho yake nilirudi kwenye nyaraka kutafuta ramani ya mgao, nikaikuta, na maneno ya Margaret yalikuwa kweli tupu. Nilikupigia.

"Shangazi, ua ni mtoto! Jina ndilo mzee!"

Ulicheka kicheko chako chote, kile cha kupiga mapaja, mpaka nesi akaingia kuuliza kuna nini. Nikakusikia ukimwambia kwa Kiswidi chako kilekile, "Mtoto wangu ameshinda Uingereza."

Nilikuwa sijashinda bado. Ulinitangulia kusema. Na kabla sijashinda ukaondoka, wakati wa baridi, asubuhi, nikiwa nimekushika mkono ingawa ulinikataza. Kwenye jiwe lako hakuna Mona. Nilisimama pale kwa fundi mpaka akamaliza herufi ya mwisho ya Mwanahamisi.

Sasa nikusimulie ushindi.

Waswidi wana desturi ambayo ungeipenda. Majuma machache kabla ya kuhojiwa, mwenye tasnifu anapewa nyundo na msumari, anaigongomea tasnifu yake kwenye ubao mbele ya watu, ili yeyote mwenye neno aisome aje nalo. Nilipiga msumari ule mpaka mlinzi akachungulia. Na yeyote aliyefungua ukurasa wa kwanza alikuta mstari mmoja wa Kiswahili, katika kitabu cha Kiingereza, kwenye chuo cha Kiswidi: *Kwa Mwanahamisi, aliyeniambia nikanyage shamba.*

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, Mei ya Stockholm inapoamua kuwa Mei. Nilidhani watakuja watu wa idara tu. Nikageuka nikaona kofia ya majani ya Lennart mstari wa tatu. Nyuma yake nusu ya Husby. Mama Espérance, jirani yetu wa Bukavu, alikuwa amevaa kitenge cha harusi na amewapanga wenzake safu nzima. Madereva wawili wa basi walikuja na sare zao, wametoka zamu.

Mtahini alitoka Uingereza, mzee mkavu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani. Kabla hajauliza lolote aliniomba nimfundishe kulitamka jina lililo ukurasa wa kwanza. Akalijaribu. Akalikosea. Akalirudia, na mara ya tatu likatoka zima, Mwanahamisi, ndani ya ukumbi ule wenye picha za maprofesa ukutani.  

Aliuliza kwa saa nyingi. Mengine nilijibu vizuri, mengine nilijibu kiasi. Ilipofika zamu ya Raven's Wing aliegemea kiti. Umbo, akasema. Nikamwonyesha ramani ya mgao na tahajia zilizoitangulia, nikamweleza habari ya ua. Akatikisa kichwa kukubali, halafu akanitupia lile nililoliogopa.

"Vema. Si bawa. Lakini kwa nini Rafn awe mtu? Ndege naye anaitwa hivyo. Kwa nini lisiwe shamba la kunguru?"

"Inawezekana," nikasema. "Siwezi kukuapia. Ila tazama majirani zake kwenye ngozi ileile. Shamba la kushoto ni la Toki. La kulia ni la Ketil. Hayo ni majina ya watu, hakuna anayebisha. Ukienda kwenye mtaa ambao kila nyumba ina jina la mwenyewe, ukaikuta moja katikati imeandikwa Rafn, utasema hiyo inakaliwa na ndege?"

Ukumbi ukacheka. Mtahini aliiteremsha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine, akanitazama, akaweka kalamu chini. "Hapana," akasema. "Ningebisha hodi nimuulize Rafn hali yake."

Baada yake waliohudhuria wanaruhusiwa kuuliza. Aliyesimama ni yule msomaji wa semina ya mwisho. Akasema kwa sauti yake ya chini, mbele ya watu wote, kwamba yeye ndiye aliyetaka sura ile ifutwe, na kwamba anashukuru hakusikilizwa. Akakaa. Hakuuliza kitu.

Jopo lilipoenda kujifungia tulisubiri kwenye baraza, kahawa mkononi, hakuna aliyekunywa. Mama Espérance alinishika kiwiko. "Beko nafanya nini kule ndani muda yote hii? Banapika?" Mlango ukafunguka. Mwenyekiti wa jopo akatoka na karatasi, akasema neno moja la Kiswidi ambalo hata wasiojua Kiswidi pale walilielewa, *godkänd*, amekubaliwa. Sikusikia la pili. Mama Espérance alipiga vigelegele vikagonga dari vikarudi, wenzake wakadakia, madereva wakapiga makofi kwa mdundo, na Lennart, ambaye kwa muda wote niliomjua hajawahi kupaza sauti, alivua kofia akairusha juu ikanasa kwenye taa. "Mutoto yetu amepita!" Mama Espérance alikuwa akimwambia kila profesa aliyepita. "Félicitations, na weye pia, félicitations!" Wakapokea pongezi wote, pamoja na mtahini.

Jioni tulikula pilau ukumbi wa chini hapa mtaani, na haikufikia yako. Sitasema uongo siku ya furaha.

Sasa nina kazi, Shangazi. Kuanzia vuli nitafundisha palepale. Kukukosa kunanijia sehemu nisizozitegemea, kwa mfano basi linapokata kona vizuri. Lakini huzuni yangu siku hizi inatembea imenyooka mgongo. Nimekaa katika nchi mbili na nimesoma ardhi ya nchi ya tatu. Hakuna mtu tena anayeweza kuniambia kwamba hilo halinihusu, kwa maana nimehojiwa juu yake nikajibu.

Nikuage na habari ya juzi. Margaret alisoma tasnifu yote, hata tanbihi. Aliniandikia kwamba lango la shamba limeoza, fundi anatengeneza jipya, na anataka kuweka kibao. Akaniuliza atumie tahajia ipi. Nilikaa na swali hilo siku nzima. Ya leo ni ya watoto wake na ya watu wote waliokosea kwa kupenda kuelewa. Ya kale ni ya mwenyewe. Nikamwambia asimfukuze yeyote.

Juzi ilikuja picha. Lango jipya, mbao bado nyeupe, ngano ya kijani nyuma yake, mbwa mmoja mbele. Chini ya kibao, kwa herufi ndogo, Raven's Wing. Juu, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka barabarani, Rafneswang. Margaret anasema mwenye duka la kijiji amepita, amesimamisha baiskeli, ameuliza, "Rafn ni nani?" Naye akamjibu, "Mkulima. Alikuwa hapa kabla yetu."

Lala salama, Shangazi.

Mwana wa kaka yako,
Rehema